Shangazi, mwache huyo mbwa chini ya kitanda

Shangazi, shikamoo.

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti mpaka mwisho. Umesema mbwa uliyepewa na kituo cha kutunza mbwa wasio na makao umlee kwa muda amejichimbia chini ya kitanda tangu afike, hali mpaka watu walale, akiitwa hageuki, na ukimnyooshea mkono anajibana ukutani. Umeuliza ufanyeje akuzoee. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wanaolea mbwa wa namna hiyo ni wengi, na wote wanauliza hilohilo. Jibu langu huenda likakukera: mwache hapohapo alipo.

Nakujua, wewe ni mtu wa kukumbatia. Ukoo mzima tumebembelezwa mgongoni kwako, na kila aliyelia alinyamaza. Huyu hatanyamaza kwa kushikwa. Mkono unaomjia kutoka juu unamtisha, uwe na upendo kiasi gani. Ukimvuta atoke ili ajue humdhuru, atakachojifunza ni kwamba hata chini ya kitanda hapana usalama. Na mbwa akikosa pa kukimbilia, kinachobaki ni meno.

Umesema lazima aliwahi kupigwa na mwanamume mwenye kofia, maana anatetemeka akimwona mzee wa jirani. Pengine. Ila mbwa wengi wa aina yake hawajaguswa na fimbo. Tumezoea kusema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Huyu wako huenda hajawahi kumwona nyoka wala ung'ongo, na hapo ndipo penye tatizo. Mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, takriban kuanzia wiki ya 3 hadi ya 12 au 14 ya umri wake, cha kujua vitu vya kawaida vya dunia hii: watu wazima na watoto, kofia, miavuli, ngazi, magurudumu, sakafu inayoteleza. Alichokutana nacho kwa wema wakati huo mara nyingi hakimsumbui tena. Ambacho hakukiona, akikutana nacho ukubwani hukihesabu kuwa hatari mpaka athibitishiwe vingine.

Jambo hili lilipimwa. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walieleza jinsi walivyolea watoto wa mbwa pamoja na mama zao ndani ya uwanja wenye ua mrefu, bila kukutana na binadamu. Waliwatoa kwa zamu, kila kundi kwa umri wake, wakakaa na watu wiki moja moja. Waliotolewa wakiwa na wiki 5 au 7 waliwazoea watu upesi. Walioachwa humo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Hao hakuna aliyewapiga wala kuwanyima chakula. Walichelewa tu.

Kwa hiyo usihangaike kumtafuta mkosaji. Wala usidhani kwamba siku akikuzoea wewe atakuwa amewazoea watu. Atakuwa amekuzoea wewe, na pengine wewe uliyekaa, kwa maana ukisimama ghafla unaweza kuonekana mtu mwingine kabisa. Mbwa mzima hujifunza, tena vizuri, ila hujifunza kitu kimoja kimoja, na kazi yako ni kuhakikisha kila hatua anaichagua yeye.

Mpe chumba kisichokuwa njia ya watu. Weka kizimba chenye mlango ulioachwa wazi, kifunike blanketi, sogeza maji na chakula karibu. Akiwa humo, hakuna wa kumchungulia, hasa wajukuu. Kulisha, kutoka nje, kulala, vyote vifuate mpangilio uleule kila siku, maana kujua kinachofuata ndiko kunakompunguzia wasiwasi kuliko maneno matamu. Majirani wanaotaka kuja kumwona wasubiri. Najua hilo litakuwa gumu kwako kuliko kwa mbwa.

Sasa namna ya kukaa naye. Usimkabili. Keti sakafuni, mgeuzie ubavu, tazama pembeni, fanya shughuli yako, hata kama ni kusoma simu. Uwe na vipande vidogo vya nyama iliyochemshwa bila chumvi wala viungo. Kila baada ya muda rusha kimoja, lakini usikirushe katikati yenu. Kirushe nyuma yake, upande wa mbali nawe.

Najua wengi watakwambia umlishe mkononi ndipo atakupenda. Mtazame mbwa mwoga anayelishwa mkononi: miguu ya nyuma imebaki kule alikotoka, mgongo umenyooka kama kamba inayovutwa, shingo imerefuka, macho hayako kwenye nyama, yako usoni mwako. Njaa inamsukuma mahali ambapo moyo haujafika. Akishameza, nyama imekwisha, na anajikuta amesimama pua kwa pua na mtu anayemwogopa. Hapo ndipo hushtuka, na wengine huuma. Ukirusha nyuma yake, anapata vitu viwili kwa mpigo: nyama, na nafuu ya kuondoka karibu yako. Kisha anageuka na kutazama kama kuna kingine. Ile hatua anayorudi hujamwita wala kumshawishi. Ni yake. Rudia hivyo, usiongeze haraka, utaona umbali unapungua wenyewe.

Akianza kukusogelea, jizuie. Mwache anuse viatu vyako, magoti yako, mkono uliolegea pajani. Siku ukiona anabaki, mkune kidogo kifuani au ubavuni, usipitishe mkono juu ya kichwa, halafu acha. Akikusogelea zaidi, endelea. Akibaki kama sanamu au akigeuza uso, ameshakujibu.

Majibu yake mengi hayana sauti, ndiyo maana watu husema mbwa aliuma bila onyo. Huanza kwa kulamba midomo ilhali hakuna chakula, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kuinua mguu mmoja wa mbele, kulaza masikio, kufyata mkia, kuonyesha weupe wa jicho. Zote hizo maana yake ni kwamba ameelemewa, ongeza umbali. Akinguruma, usimkaripie hata siku moja. Mbwa aliyekatazwa kunguruma haachi kuogopa. Anaacha kutoa taarifa. Ikitokea amemuuma mtu, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali, hata kama ni mchubuko, kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Atatokea mjuzi wa kusema mpeleke penye watu wengi na kelele, atazoea tu. Mwambie asante, halafu usiende. Mbwa aliyetupwa katikati ya kinachomtisha mara nyingi hunyamaza, hulala chini, hukubali kushikwa na yeyote, na watu hupiga makofi kwamba ametulia. Huyo hajatulia, amekata tamaa, na hofu yake mtaikuta nyumbani usiku. Kinachofaa ni umbali: mtu mwenye kofia aonekane kwa mbali sana, mbwa aweze kumtazama na bado akala. Akikataa hata nyama anayoipenda, mko karibu mno. Rudini nyuma bila maneno. Na matisho hujumlishana. Radi asubuhi, mgeni mchana, ndoo ikianguka jioni anaweza kumrukia mtu ambaye jana alimlamba. Siku ya namna hiyo msifanye zoezi lolote, apumzike.

Mjuzi wa pili, na huyu ananiudhi zaidi, atasema ukimbembeleza akiwa na hofu unaipalilia hofu. Si kweli. Hofu si ujanja wa kutafuta zawadi. Mvua ya radi ikinyesha naye akaja kujiegemeza kwako, mpokee, mpapase, mwongeleshe. Tofauti ni kwamba amekuja mwenyewe. Hapo kukumbatia kwako kutakuwa na kazi, shangazi, si kwamba nakunyang'anya.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni geti. Mbwa wa namna hii akichomoka siku za mwanzo hakimbilii nyumbani, kwa kuwa bado hana nyumba akilini mwake. Mlango wa nyumba usifunguliwe kabla geti halijafungwa. Akitoka nje avae mkanda wa shingoni na mwingine wa kifuani, kila mmoja na kamba yake, kwa sababu mwoga hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa kabla hujajua. Namba yako ya simu iwe shingoni mwake. Akitoroka, msimfukuze wala msimwite kwa sauti. Keti chini, mgeuzie mgongo, rusha nyama.

Mengine ni madogo. Akikojoa ndani, panguseni mkae kimya. Asipokula siku ya kwanza ni kawaida; ikizidi hapo, au akichechemea, au akishtuka akiguswa mahali pamoja tu, mwite daktari wa mifugo, maana maumivu hujificha ndani ya woga. Kuna dawa za wasiwasi anazoweza kumwandikia, na si aibu kuzitumia. Zako za maumivu usimpe kabisa: paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua mbwa.

Kituo kitapiga simu kuuliza kama yuko tayari kupata familia. Usijibu kwamba anaendelea vizuri. Sema: anakula nikiwemo chumbani, anatembea nje kukiwa kimya, hapendi kushikwa miguu, wageni wanaume wamrushie nyama kwa mbali kwanza. Familia itakayoghairi kwa kusikia hayo ni heri ighairi sasa kuliko kumrudisha baada ya kumzoea. Itakayokubali, iandikie mpangilio wake wa siku, na blanketi lake aende nalo bila kufuliwa.

Halafu nitumie tena picha ya karatasi ya chanjo. Uliyonitumia imekatika pale penye tarehe.