Asante, dada wa Mwanjelwa

Dada uliyeiwezesha kompyuta ya kwaya yetu kucheza nyimbo, kisha ukaondoka bila kutaja jina: asante sana, Mungu akuzidishie.

Tunaeleza ulichofanya ili na wengine hapa Mbeya wafaidike. Mafaili ya nyimbo ya .ogg, .opus na .flac yalikuwa mazima. Programu ya zamani ya Windows ndiyo iliyokosa kodeki, yaani vipande vya programu vya kuyasoma. Hukuyabadilisha majina yakawa .mp3, na kwa hilo tunakushukuru mno, maana kubadili herufi za mwisho hakugusi kabisa sauti iliyo ndani. Ulisakinisha VLC, programu ya kuchezea nyimbo na video, kutoka kwenye flashi. Ni ya bure, na kodeki zote hizo zimo ndani yake, hivyo bando halikuhitajika.

Faili moja liligoma hata hapo. Ukalinganisha ukubwa wake na la awali: lilikuwa dogo, flashi ilichomolewa kabla ya kunakili kuisha. Lilinakiliwa upya, likacheza.

Na ule ushauri wako wa kutunza nyimbo zetu katika FLAC tunaufuata. Dakika moja ya WAV, yaani sauti isiyobanwa, yenye ubora wa CD hula takribani MB 10. FLAC mara nyingi hukaribia nusu ya hapo, bila kupoteza chochote, besi zetu zikisikika zilivyoimbwa. Anayetaka MP3 ya simu tunamtengenezea kutoka FLAC, kamwe si kutoka OGG ya Vorbis, kwa sababu hiyo imeshapunguzwa ubora wa sauti mara ya kwanza, na kuigeuza ni kuupunguza tena.

Flashi yako tunayo, dada. Mazoezi ni Jumamosi jioni, karibu uichukue.