Shemeji anauza punda tuliompa alee, mume wangu anataka ninyamaze

Shangazi, shikamoo. Nawasalimu na wasomaji wenzangu, hasa mnaofahamu mambo ya mifugo na ya sheria, kwa sababu jambo langu limeingia kote huko na limeingia mpaka ndani ya ndoa yangu.

Naishi Nzega, mkoani Tabora, na nina duka la pembejeo na dawa za mifugo. Huku kwetu punda ndiye anayebeba maji, mpunga, mahindi, kuni na mawe ya machimbo, lakini hana mtetezi. Ng'ombe akiugua, mwenyewe anakuja kunigongea hata usiku wa manane. Punda akiugua anafunguliwa kamba aende akafie mbele ya safari. Nimeyaona haya kwa miaka mingi, ndiyo maana mimi na wenzangu tulianzisha kikundi cha kuwapokea punda waliotupwa, waliovunjika kwa kazi, na wale ambao wenyewe walitaka kuwauza kwa watu wa ngozi.

Kwa asiyejua habari ya ngozi: China wanachemsha ngozi ya punda wanapata gundi iitwayo ejiao, wanaitumia kama dawa na kwenye vipodozi. Biashara hiyo ilishafika mlangoni kwetu, maana machinjio ya punda yalikuwepo Shinyanga na mengine Dodoma, na Shinyanga si mbali na hapa. Punda jike anabeba mimba kama mwaka mzima na anazaa mtoto mmoja, kwa hiyo wakichinjwa kwa wingi hawarudi upesi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, walipitisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Tulifurahi sana. Lakini wanaonunua kimyakimya bado wapo, na punda anayepotea usiku huwa haonekani tena.

Kikundi hakina eneo la kufuga wote. Punda akishapona tunampa familia yenye nafasi imlee. Mlezi anasaini fomu: hauzi, hakodishi, hamtwishi mzigo, na akishindwa anamrudisha kwetu. Wapo wafadhili wa nje ambao kila mmoja amechagua punda wake na anatuma shilingi 60,000 kwa mwezi za chakula na matibabu. Fedha zinapitia kwa mhazini, mlezi anatumiwa kwa simu, naye kila mwezi anatuletea picha na maelezo mafupi.

Mmoja wa walezi ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Ana eneo kubwa, ana kisima, na ni mtu anayeheshimika kijijini kwake. Alichukua punda sita. Taarifa zake zilikuwa nzuri kuliko za walezi wote, zinafika kwa wakati na picha zinavutia. Mimi ndiye niliyetia saini kama shahidi upande wa kikundi.

Kilichonishtua kwanza ni picha ya mwezi Agosti. Punda watatu wamesimama kwenye majani mabichi yanayowafika magotini. Nzega, mwezi wa Agosti! Mtu wa huku anajua kwamba mwezi huo hata mbuzi wanahangaika na majani makavu. Nikafungua simu nikarudi nyuma: ni picha ileile ya Februari, imekatwa pembeni kidogo.

Sikumwambia mtu. Baadaye nilikwenda Itobo kupeleka dawa kwa mteja, na pale karibu na gulio nikamwona punda jike akivuta mkokoteni wa madumu ya maji. Nilimtambua kabla sijamkaribia, kwa sababu sikio lake la kushoto lilichanwa na fisi na mimi mwenyewe nilimwosha kidonda kile kwa wiki nyingi. Hereni ya utambulisho ilikuwa imeng'olewa, limebaki tundu. Begani alikuwa na kidonda kikubwa kama kiganja changu, kamba ya manila inapita juu yake, na wamemmwagia oili chafu ya gari ili nzi wasitue. Kwato za mbele zilikuwa ndefu mpaka zimeanza kupinda. Hakupiga kelele wala hakurusha teke. Punda ndivyo alivyo, anaficha maumivu mpaka siku anapoanguka, na watu wanadhani ameridhika.

Anayemwendesha ni kijana wa miaka kama ishirini. Nilimsalimia, nikamuuliza kwa upole amempata wapi. Akanionesha bila wasiwasi karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji na jina la muuzaji, jina la shemeji yangu. Kijana aliuza mpunga wake wote akapata fedha ya kumnunua, na kwa maji hayo ndiyo anamlisha mama yake na wadogo zake. Nilimpa dawa ya kidonda na mafuta ya kupaka, nikamwelekeza aweke gunia laini chini ya kamba na ampumzishe. Alishukuru kwa moyo. Yule si mtu mbaya, Shangazi, hakuna aliyewahi kumfundisha.

Nikaenda kwa shemeji. Kati ya sita nilikuta wawili zizini, wamekonda mbavu zinahesabika, hawana hata maji ya kunywa ingawa kisima kiko hatua chache. Mmoja alikuwa anakohoa. Wa tatu shemeji aliniambia amekufa, na wengine wawili hakutaka kunieleza walipo. Nilipomtajia yule wa Itobo hakukana. Alisema, "Shemeji, punda afe mzigo ufike. Yule mzungu anafurahia picha, mimi napata ada ya watoto. Nani ameumia?"

Nilimjibu kwamba punda ameumia, na yule mama mfadhili anayejinyima huko Uingereza akituma fedha kwa punda ambaye hayupo, naye ameumia. Akanyamaza, kisha akaniambia nikumbuke nimeolewa kwa nani.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Baba mkwe alifariki mume wangu akiwa darasa la tano, na ni kaka huyu aliyemsomesha mpaka akapata kazi. Mama mkwe ni mzee na anaishi kwake. Mume wangu nilipomweleza alihuzunika kweli, aliwaonea huruma punda, lakini msimamo wake ni kwamba mambo ya ukoo yanamalizwa na ukoo. Anataka kiitishwe kikao cha wazee, kaka yake aonywe, arudishe wale wawili wa zizini, basi. Amesema wazi nikienda polisi au kwenye kikundi kabla ya wazee, nimemvua nguo kaka yake mbele ya kijiji.

Sipingi kikao. Nina hofu na muda. Wazee wengine wako Mwanza na Kaliua, mpaka wakutane ni wiki kadhaa, na wale wawili wakisafirishwa usiku nani atawarudisha? Isitoshe, Jumamosi ijayo kikundi kinakaa kugawa punda wapya, na jina la kwanza kwenye orodha ya walezi ni la shemeji, kwa sababu ya taarifa zake nzuri. Anapendekezwa apewe wengine watano. Siwezi kukaa kwenye kikao hicho nikanyoosha mkono kukubali. Hilo nimeshaamua hata kama sijui mengine.

Nilimdokezea mhazini wetu bila kutaja jina. Naye akaniomba nisilikuze, kwamba wafadhili wakisikia punda wameuzwa watakata msaada wote, na walezi waaminifu tulio nao wataumia pamoja na punda wao. Ana hoja. Tuna bibi mmoja Bukene, punda wake wawili wamenenepa, anawapiga brashi kila jioni. Fedha ikikatika atawalisha nini?

Sheria naifahamu kidogo kwa sababu ya duka. Ipo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama au kumnyima matunzo ni kosa. Kuuza mali uliyokabidhiwa kutunza na kupokea fedha kwa taarifa za uongo navyo ni makosa ya jinai. Ninachoomba ni ushauri wa mwenye uzoefu. Je, nikianza kwa afisa mifugo wa kata, aende kuwakagua wale wawili na kuwatoa pale kwa ajili ya afya yao, bila kwanza kufungua kesi ya fedha, inawezekana? Naona hiyo ingeokoa uhai wao na kumwachia mume wangu nafasi ya kikao chake.

Na yule wa Itobo? Kisheria huenda ni mali ya kikundi, lakini nikimchukua namvunja kijana aliyenunua kwa karatasi halali machoni pake. Nimewaza kikundi kimdai shemeji arudishe fedha ya kijana, ili anunue punda mwingine mzima, na huyu mwenye sikio lililochanika arudi kwetu apumzike. Kuna aliyewahi kumaliza jambo kama hili kwa namna hiyo? Mliandikishana mbele ya nani?

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Yule mama wa Uingereza ni mfadhili wa huyohuyo punda wa Itobo. Juzi ameniandikia mimi moja kwa moja, kwa kuwa namba yangu iko kwenye fomu, anaomba video fupi amwone punda wake akitembea, kwani mwaka huu amekuwa mgonjwa na anasema picha zile zinamtia nguvu. Sijamjibu. Nimwambie sasa hivi, au nisubiri kikundi kikae Jumamosi kimwandikie barua rasmi? Na kama mume wangu atasema nisubiri wazee, nimjibuje mume wangu?

Ni mimi,
Mama wa duka la dawa, Nzega