Sugu Zako Usizisugue

Mji Mkongwe, Unguja

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kusikia kwamba mama anaendelea vizuri na kwamba bendi imepata tena ukumbi wa kupigia kila mwisho wa wiki. Sisi huku hatujambo. Nilikuwa nimekusudia kukuandikia habari za hapa kwa urefu, lakini kuna sehemu moja ya barua yako iliyonitia wasiwasi, nami naona afadhali niishughulikie hiyo kwanza na nyingine zisubiri. Ni pale uliposema kwamba simu yako mpya haivisikii vidole vya mkono wako wa kushoto, na kwamba fundi aliyekuuzia amekushauri uzisugue sugu zako, ile ngozi ngumu iliyoota nchani mwa vidole kwa kupiga gitaa, kwa msasa mpaka iwe laini. Nakuomba sana, ndugu yangu, usizisugue.

Simlaumu fundi huyo. Yeye anaona kidole kinagongagonga kioo bila jibu. Simu ni mpya na haina hitilafu, basi lawama inakiangukia kidole. Asichokijua ni kwamba ngozi ile ngumu umeilea kwa miaka, na kwamba ndiyo inayokuwezesha kukaa jukwaani tangu saa tatu usiku hadi usiku wa manane ukipiga solo bila kuumia. Ukiiondoa Jumatatu, Jumamosi utapanda jukwaani na vidole vya mwanafunzi, na sebene la kwanza halitakwisha kabla malengelenge hayajaanza kuota. Kuirudisha ngozi hiyo ni kazi ya wiki nyingi, na katika wiki hizo bendi haitakusubiri.

Hapa ninapofundisha udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu, nawaona vijana tangu siku zao za mwanzo. Ukimwomba mmoja wao akuoneshe mkono wa kushoto baada ya somo, utaona kwenye kila ncha ya kidole mistari miwili myekundu iliyolala sambamba, kwa sababu nyuzi za udi hufungwa mbili mbili, jozi tano, pamoja na uzi mmoja wa besi ulio peke yake, jumla nyuzi 11. Mistari hiyo haifutiki upesi. Mtoto huondoka nayo, na kesho yake hurudi akikandamiza palepale panapouma. Baadaye mwili wenyewe hujihami: pale panaposuguliwa na kukandamizwa, ngozi huzalisha chembe mpya kwa wingi kuliko zinavyopukutika, tabaka la juu likanenepa na kukauka, na ile mistari ikaanza kufifia. Siku ile mwanafunzi anapopiga maqamu nzima, yaani mfuatano wa sauti wa muziki wa Kiarabu, bila kukunja uso, mimi hufurahi kuliko yeye.

Wewe ulianza na nyuzi za chuma, kwa hiyo safari yako ilikuwa ngumu zaidi. Nyuzi sita za gitaa la kawaida lisilo la umeme, zikishakazwa mpaka kwenye sauti yake, huivuta shingo kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 70 hivi, na ncha za vidole vyako ndizo zilizokuwa zikipambana na mvuto huo wakati ule ulipokuwa ukijifunzia gitaa la kuazima. Gitaa lako la sasa la umeme lina nyuzi nyembamba zaidi, lakini unyembamba huo hukata, na wewe una tabia ya kuuvuta uzi pembeni ili sauti ilie. Pasipo sugu, uzi mwembamba wa chuma huingia ndani ya ngozi.

Wala si suala la maumivu tu. Kwenye udi, ambao shingo yake ni tupu na haina vile vyuma vidogo vinavyoikatiza shingo ya gitaa, ncha ya kidole ndiyo mpaka wa uzi: panapoishia uzi unaotetemeka ni kwenye ngozi yangu. Ngozi ikiwa laini humeza mtetemo na sauti huzimika mapema, kavu na fupi. Ngozi ikiwa ngumu, sauti husimama na kukaa. Wapiga fidla wanalijua hili vizuri kama tunavyolijua sisi. Kwa hiyo mtu anapokwambia upunguze sugu, anakwambia ubadilishe sauti yako, na sauti yako mimi naipenda.

Sasa nikueleze kwa nini simu haikusikii, maana ukiielewa sababu utaona mwenyewe kwamba dawa yake si msasa. Kioo cha simu za siku hizi hakipimi nguvu ya kidole, ndiyo maana hata ukibonyeza mpaka ukucha ugeuke mweupe hupati kitu. Chini ya kioo kile kuna wavu wa mistari myembamba isiyoonekana kwa macho, ambayo aghalabu hutengenezwa kwa oksidi ya indiamu na bati, kitu kinachopitisha umeme na wakati huohuo kinapitisha mwanga. Simu huuwekea wavu huo chaji ndogo sana ya umeme. Mwili wa binadamu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo nao hupitisha umeme, na kidole kinapofika kwenye kioo huibadilisha chaji ya mahali pale. Simu huyapima mabadiliko hayo na kukokotoa yametokea wapi. Wazo lenyewe ni la zamani. Mhandisi wa Uingereza, E. A. Johnson, alilieleza mwaka 1965 alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, lakini lilikuja kuenea mikononi mwa watu baada ya iPhone kutoka mwaka 2007. Kabla ya hapo simu nyingi za kugusa zilikuwa na tabaka mbili zilizokutana ulipobonyeza, nazo zilikubali chochote, iwe ukucha, kalamu au kidole cha mpiga gitaa.

Tabaka la nje la ngozi ni chembe zilizokwisha kufa, kavu, zilizojaa keratini, ile protini ngumu iliyomo pia kwenye kucha, na ukavu huo haupitishi umeme vizuri. Kwa watu wengi tabaka hilo ni jembamba, na nyama yenye maji iko karibu kabisa na kioo. Kwako limenenepa, hivyo ni kana kwamba umevaa glavu. Kuna na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: kidole laini kikigusa kioo hubonyea na kutandaa, kikafunika eneo pana, ilhali ncha yenye sugu haitandai, hugusa kwa kidoa kidogo tu, na simu, kwa kuwa imeundwa ipuuze viguso vidogo visivyo na uhakika, hukipuuza kidole chako pamoja navyo. Ukitoka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, ngozi ikiwa imekauka zaidi, tatizo huzidi.

Hebu fanya hivi. Inua mkono wako wa kushoto uangalie sugu zimekaa wapi hasa. Zipo nchani kabisa, karibu na ukucha, kwa sababu ndipo panapokandamiza uzi. Teremka kidogo tu, kwenye tumbo la kidole, utakuta ngozi iliyo laini kama ya mtu mwingine yeyote. Basi kidole usikisimamishe juu ya kioo kama unavyokisimamisha juu ya uzi, kilaze. Hilo peke yake huwatosha wengi. Mazoea ya mkono ni magumu kubadilisha, najua, maana sisi tumefundishwa tangu mwanzo kusimamisha vidole, lakini siku chache zitakutosha. Dole gumba la kushoto, ambalo kazi yake ni kuegemea nyuma ya shingo, halina sugu kabisa. Mkono wa kulia nao, kwa kuwa wewe hupiga kwa piki, kile kibanzi cha kudonolea nyuzi, uko salama.

Zaidi ya hapo, itazame ile protekta, yaani kinga ya kioo, uliyowekewa. Kama ni ya kioo kinene, inaongeza umbali juu ya umbali, weka nyembamba. Simu kadhaa, zikiwamo baadhi za Samsung na Pixel za Google, zina sehemu katika mipangilio ya kuongeza usikivu wa kioo kwa ajili ya watu wanaotumia protekta, na usikivu huo huwafaa pia wenye ngozi ngumu. Kitambaa chenye unyevu kidogo, ukipangusa nacho kidole kabla ya kuandika, nacho husaidia. Usiloweke vidole, maana sugu iliyolowana huwa laini na uzi huichana. Wewe mwenyewe unajua hatupigi mara tu baada ya kufua nguo. Na kama unaandika sana, ziko kalamu maalumu za simu zenye ncha ya mpira inayopitisha umeme, bei yake si kubwa.

Umesema pia kwamba siku hizi fundi mitambo wenu huchanganya sauti kwa tableti na anataka kila mpigaji ajirekebishie spika yake mwenyewe. Hapo mweleze waziwazi hali yako, nawe tumia dole gumba. Hakuna sababu ya kuona haya.

Lililoniuma zaidi mimi ni alama za vidole. Unakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, kisha Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Nilikwenda kwa wakala mmoja, akang'ang'ania kidole cha shahada cha mkono wangu wa kushoto, mashine ikakikataa, akakifuta, ikakikataa tena, na watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Mwenzake alipofika aliomba dole gumba la kulia, likasomwa papo hapo. Kuchelewa hakukuniudhi. Kilichoniudhi ni jinsi yule wa kwanza alivyonitazama, kana kwamba kuna kitu ninakificha. Nikawafikiria kina mama wa Paje na Jambiani wanaofunga mwani kwenye kamba ndani ya maji ya chumvi, na wanaopiga usumba, na waashi, na wavuvi wanaovuta majarife: hao vidole vyao vimekwisha kuliko vyetu, na wengi wao kazi imewakwangua mikono yote miwili, hawana mkono wa akiba kama sisi. Mashine ikiwakataa, anayepaswa kutafuta njia nyingine ni mwenye mashine.

Michoro ya vidole, kwa kukutuliza, haipotei kwa gitaa. Mizizi yake iko katika tabaka la ngozi lililo chini zaidi, na uzi hufuta sehemu ya juu tu. Ukipumzika kupiga kwa muda, huota tena kama ilivyokuwa. Lakini hupumziki, wala sitaki upumzike, kwa hiyo simu yako ifunge kwa dole gumba la kulia, uongeze na la kushoto, na nambari ya siri uiweke ile usiyoweza kuisahau. Malipo ya bendi yanapoingia kwenye simu usiku wa manane, si wakati wa kugombana na kioo.

Kuhusu msasa, sikukatazi kabisa. Kuna wakati sugu huanza kumenyuka pembeni na ule ukingo hunasa kwenye uzi. Hapo chukua tupa laini ya kucha, ulainishe ukingo peke yake, na katikati usipaguse. Ikipasuka, paka mafuta ya nazi usiku baada ya kupiga, kamwe si kabla, maana uzi wenye mafuta huteleza na kuoza mapema. Hayo ndiyo matunzo, na ni tofauti kabisa na kuing'oa.

Nimeshikilia sana jambo hili kwa sababu silisikii kwako tu. Binti mmoja ninayemfundisha, hodari, mwenye sikio zuri kuliko wenzake wote, aliniuliza kama anaweza kufanya mazoezi kwa kiasi ambacho hakitamwotesha sugu, kwani anauza vitambaa kwa simu na wateja wake wanataka majibu ya haraka. Nilimwambia kwamba mkono wa kulia unashika risha, yaani kibanzi cha kupigia udi, na ngozi yake haitabadilika, basi biashara aifanye kwa mkono huo na udi aupe wa kushoto wote. Alinisikiliza. Hata hivyo lilinisikitisha kwamba ilimbidi aulize, kwamba chombo kilichoingia mifukoni mwetu juzi tu kimeanza kuamua nani apige udi na nani asipige.

Mpiga besi wenu nina wasiwasi naye kuliko wewe. Yeye hukandamiza kwa kushoto na kudonoa kwa kidole cha shahada na cha kati vya kulia, kwa hiyo ana sugu kotekote. Mwambie alaze kidole au atumie madole gumba. Mpiga tumba naye viganja vyake navijua. Mpiga kanuni wetu hapa, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, ndiye amesalimika, maana risha zake huzibana kwa pete kwenye vidole vya shahada, na ncha zenyewe haziguswi sana na nyuzi.

Ingia kwenye mipangilio ya simu yako leo, uniandikie ni ya aina gani na kama umeiona sehemu hiyo ya usikivu. Ikiwa haimo, nitakununulia kalamu pale Darajani nikutumie kwa boti, uipokee bandarini. Na ukipata nafasi nitumie rekodi ya Jumamosi, hasa ule wimbo mnaofungia, nisikie solo yako ilivyo sasa.

Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wasalaam,
Sahibu yako