Ukihama chama, subiri uchaguzi mkuu

Mhariri naomba nafasi kidogo, hili jambo limenikaa kooni siku nyingi.

Mwaka 2015 nilimsindikiza mama kupiga kura, mama yangu anauza mawese na siku hiyo alikuwa kashapima madumu mawili alfajiri ndo tukatoka, vidole vyote vyekundu, msimamizi ikabidi achukue kitambaa amfute kidole kwanza ndo akichovye kwenye wino. Tulipanga foleni karibu masaa matatu. Mama hakulalamika hata kidogo, kashika kichinjio chake, kadi ya kupigia kura, kama kashika hela. Sasa yule aliyepewa kura kama ile, katikati ya safari anaamka asubuhi anasema nimehama chama, ubunge naacha, halafu wiki chache baadae huyohuyo anarudi na fulana ya rangi nyingine kuomba kura kwa watu walewale. Hiyo kweli ni haki?

Na sio hadithi. Februari 17, 2018 Kinondoni na Siha walirudi kwenye vituo kwa sababu wabunge wao, mmoja wa CUF mwingine wa CHADEMA, walijiuzulu wakaenda CCM, na CCM ikawasimamisha haohao na wakashinda. Siku moja kabla ya kura, kule Kinondoni risasi ilimpata mwanafunzi wa chuo kakaa zake ndani ya daladala, akafa. Mi kila nikikumbuka uchaguzi ule namkumbuka yule binti kwanza, maana uchaguzi wenyewe haukuwa na sababu ya kuwepo. Huku kwetu Buyungu, Kakonko, tulirudia Agosti mwaka huohuo lakini pale mbunge alifariki, hiyo ni kazi ya Mungu hakuna wa kumlaumu.

Wenzetu India wameumwa na huu ugonjwa zamani. Kule kila jimbo kubwa lina bunge lake na serikali yake, na mwaka 1967 kwenye bunge la Haryana kuna mjumbe alihama vyama mara tatu ndani ya wiki mbili. Mwaka 1985 wakaweka kwenye katiba kwamba ukikiacha chama chako kiti kinaondoka. Wakadhani wamemaliza. Mwaka 2019 jimbo la Karnataka wajumbe 17 wakawaasi wenzao, serikali ya jimbo ikaanguka kwa kura 99 dhidi ya 105, Spika akawavua viti na akawafungia wasigombee mpaka muda wa bunge lile uishe 2023. Mahakama ya juu ikakubali wavuliwe ila ikafuta kufungiwa, basi Desemba wengi wao wakasimama tena kupitia BJP, chama kilichoingia madarakani baada ya wao kuhama, na BJP ikabeba viti 12 kati ya 15 vilivyopigiwa kura siku hiyo. Yaani sheria ilikuwepo, tundu lilikuwa hapohapo, na tundu letu sisi ni lilelile, katiba yetu inamvua ubunge anayeacha chama lakini haimzuii kurudi kesho yake.

Mi naomba kitu kimoja tu. Aliyejiuzulu kwa hiari yake akahama, asigombee uchaguzi mdogo wowote mpaka uchaguzi mkuu ufike. Kama kweli wananchi wanampenda watamsubiri, sisi Kigoma tunalijua hilo vizuri, Zitto Kabwe Machi 2015 CHADEMA ilimvua uanachama na ubunge wa Kigoma Kaskazini ukaenda, Oktoba akaja Kigoma Mjini na ACT-Wazalendo watu wakampa.

Ila anayefukuzwa sio sawa na anayehama mwenyewe, hapo tusichanganye. David Kafulila wa Kigoma Kusini NCCR-Mageuzi ilimfukuza Desemba 2011, bila kukimbilia mahakamani watu wa kule wangepoteza mbunge kwa uamuzi wa kikao cha chama ambacho wao hawakukaa. Mtu kama huyo angeruhusiwa kurudi kwa wananchi bila chama, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Juni 2013 kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki zake. Miaka yote hii karatasi ya kura bado haina nafasi yake.

Wabunge wa Kigoma mlioko Dodoma, nani kati yenu ataleta muswada binafsi wa hili? Mtaje tu jina, mimi na mama tutakuja kukusikiliza hata uwanjani kwenye jua.

Msomaji wenu,
Gungu, Kigoma