Birika jipya, maji hayachemki: pima volti kabla ya kulirudisha

Hapa dukani kwetu Busia, upande wa Uganda, hatumalizi wiki kabla ya mtu kuturudishia birika la umeme. Lawama ni ile ile: "Mmeniuzia feki." Juzi alikuja mama muuza chai, akaliweka lake juu ya kaunta kwa kishindo. "Asubuhi linachemsha vizuri. Jioni nakanda unga wa chapati mpaka namaliza, bado halijazima." Ilikuwa saa nne asubuhi. Tukatia maji lita moja na nusu, tukachomeka. Dakika nne na kidogo, tak! likazima. Mama akatutazama kama tumemfanyia kiinimacho.

Tulimgeuzia birika, tukamwonyesha kibandiko cha chini: volti 220–240, wati 1850–2200. Wengi hudhani namba mbili za wati ni ujanja wa mwenye kiwanda. Sivyo. Koili iliyo ndani, yaani waya unaopasha maji joto, ni moja tu, na ukinzani wake, yaani jinsi inavyouzuia umeme usipite kiholela, haubadiliki sana. Kinachobadilika ni volti, yaani msukumo wa umeme, zinazoifikia.

Hesabu yake haizidi ya sokoni. Wati, yaani nguvu, ni volti mara ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita. Ukinzani ni volti gawanya kwa ampea, na jibu linaitwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Ohm aliyeichapisha kanuni hiyo mwaka 1827. Chukua namba za kibandiko: 2200 ÷ 240 ni ampea 9.2, kisha 240 ÷ 9.2 ni omu 26. Sasa jaribu ile pea nyingine: 1850 ÷ 220 ni ampea 8.4, na 220 ÷ 8.4 ni omu 26 tena. Kibandiko hakikudanganya.

Basi twende jioni. Umeme wetu rasmi ni volti 240, lakini mtaa mzima ukiwasha pasi, majiko na friji kwa pamoja, nyumba zilizo mwisho wa laini hupata makombo. Tulipokwenda kwa yule mama saa mbili usiku, mita yetu ilisoma volti 185. Koili ni ile ile ya omu 26, kwa hiyo 185 ÷ 26 ni ampea 7.1. Zidisha kwa 185, unapata wati 1300 hivi. Volti zimepungua chini ya robo, nguvu imepungua kwa asilimia 40, kwa sababu volti zikishuka zinashuka na ampea, na wati ni zao la zote mbili. Maji ya dakika nne yanakaribia dakika saba. Biashara ya chai haingoji dakika saba.

Swali la pili huwa la Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla: je, birika likichelewa linakula yuniti zaidi? Kidogo sana. Lita hiyo moja na nusu inahitaji kama yuniti 0.14, ziingie haraka au polepole. Ziada ni joto linalopotea hewani wakati unasubiri. Friji na mota ndizo za kuogopa. Mota hung'ang'ania kubeba mzigo ule ule, kwa hiyo volti zikipungua mara nyingi huvuta ampea nyingi zaidi na kuchemka hadi waya zake zinaungua. Kwa friji tutakuuzia stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, kwa moyo mweupe. Kwa birika hatukushauri, ingawa tungepata faida. Utahitaji kubwa ya kubeba zaidi ya wati 2000, na ili ikupe wati zako kamili kwenye volti 185 itavuta karibu ampea 12 kutoka kwenye laini ile ile iliyochoka. Majirani zako ndio watakaolipia chai hiyo.

Wakati mwingine laini haina kosa, kosa ni ekstensheni. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita 20, kwenda na kurudi, una ukinzani unaokaribia omu 1. Unaonekana mdogo, lakini ampea 9 zikipita humo unapoteza volti 8 hivi, na wati 70 na zaidi zinageuka joto ndani ya waya. Ukiuacha umeviringishwa, joto halina pa kutokea na plastiki inaanza kunuka. Tumeshakata kadhaa zilizoshikana kama kaukau za jana.

Ukiwa na mita ya fundi, unaweza kulikagua birika mwenyewe. Lichomoe kabisa kwenye umeme, liweke juu ya kitako chake, bonyeza swichi yake iwe imewaka, kisha gusa zile pini mbili fupi za plagi. Ukisoma karibu omu 26, koili ni nzima. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au swichi imekufa. Halafu gusa pini ndefu ya ethi na mojawapo ya zile fupi: hapo mita haitakiwi kusoma kitu. Ikisoma, usilitumie hata mara moja zaidi.

Kupima hatutozi. Uje nalo pamoja na kitako na waya wake, maana wengi huleta birika peke yake na tunalazimika kuwarudisha nyumbani.