AFCON 2027: Na ngoma yangu itapita wapi?

Mhariri,

Miaka kumi na moja nanunua gazeti lako bila kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa. Ile habari yenu ya ukurasa wa nyuma, kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zimejiandaa vizuri kwa AFCON 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, imejaa nyasi, taa na viti. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta shabiki, sijamwona.

Nauliza kwa sababu mazoezi tulishafanya. CHAN ya Agosti 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani iliyosogezwa kutoka Februari, waliiandaa hawa hawa watatu. Wenyeji wote tukaishia robo fainali, sawa, ndiyo mpira. Sisi Tanzania tulitolewa na Morocco pale kwa Mkapa, bao la mshambuliaji wao Lamlioui. Basi Agosti 30 nikapanda gari la asubuhi kwenda Nairobi, tiketi ya fainali ya Kasarani kwenye simu, ngoma ya marehemu babu mapajani, nikawashangilie Madagascar dhidi ya hao hao Morocco mpaka sauti ikauke.

Mpaka wenyewe siutaji, nitapita tena. Pasipoti safi, kadi ya homa ya manjano ipo. Kisha ofisa mmoja akaigonga ngoma kwa kidole, akainama akainusa (nakuapia, aliinusa), akauliza ni ngozi ya mnyama gani. Mbuzi, nikamjibu. "Kibali cha daktari wa mifugo kiko wapi?" Mhariri, mbuzi huyo alichinjwa mwaka 2009! Nikapelekwa dirisha la pili, la pili likanirudisha la kwanza, wa kwanza akawa ameenda kula. Basi likaniacha. Nimekaa kwenye benchi nimeikumbatia ngoma kama mtu aliyeleta mgonjwa, huku misafara yenye vimulimuli ikipita bila hata kupunguza mwendo, na hakuna aliyewauliza viti vyao ni vya ngozi gani. Niliachiwa saa kumi, bila maelezo, ngoma ikiwa na alama ya chaki ambayo sijajua maana yake hadi leo. Bao la tatu la Morocco, Lamlioui yule yule, shuti la mbali, 3-2, nimelisikia kwenye redio ya matatu, tumo kwenye foleni. Tiketi yangu haijasomwa na mashine yoyote.

Na sijasema la simu. Hatua mbili ng'ambo ya mpaka, ujumbe unaingia: karibu ugenini. Salio lote likayeyuka kabla sijamwambia mke wangu nimekwama. Halafu tiketi zilikuwa za mtandaoni tu. Wanaopanga haya huwa wanavuka kwa basi, au wao ni ndege tu?

Urusi mwaka 2018 walitoa kitambulisho cha shabiki, na mgeni akaingia nacho bila viza. Sisi wa Afrika Mashariki tuna Soko la Pamoja, la watu na bidhaa kuvuka mipaka kwa uhuru, tangu Julai 2010. Pengine kosa la ngoma yangu ni kulitangulia. Napendekeza kila nchi itoe waziri mmoja, apande basi la asubuhi siku ya mechi, kiti cha nyuma, na ngoma ya ngozi mapajani. Msafara usiruhusiwe. Yangu nitawaazima.

Kibali nacho nimeanza kukifuatilia mapema. Daktari wa mifugo anasema lazima kwanza amwone mbuzi.

Shabiki wa Taifa Stars,
Moshi