Kabla mkataba wako haujaenda hewani, tunauvunja kwanza kwenye kompyuta yetu

Mteja akituletea kazi ya blokicheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, swali la kwanza huwa ni moja tu, itakuwa hewani lini. Halafu wiki ya kwanza ikiisha linakuja la pili, mbona hakuna linki, hakuna kitu cha kufungua kwa simu, kila kitu kiko kwenye laptopu ya fundi na fundi anasema kazi inaenda vizuri. Ni swali la haki kabisa, pesa ni yako na una haki ya kujua inafanya nini. Basi leo tuelezane hiyo wiki inaenda wapi, na kwa madivelopa wanaotusoma tutaweka na amri zenyewe mjaribu kwenu.

Tuchukue kazi tunayoulizwa sana, chama kinataka kuweka akiba kwa dola za kidijitali kama USDC, watu 10 wanachanga kila mwezi, hakuna kutoa hadi mwaka uishe, anayechelewa anakatwa faini, na kanuni zote zinaandikwa kwenye smati kontrakti, huo ndio mkataba tunaousema, yaani programu inayokaa juu ya blokicheni ya Ethereum na kushika pesa yenyewe bila mweka hazina kuwa na ufunguo wa kabati. Sasa uzito wa kazi uko hapa: ukishaiweka hiyo programu kwenye mtandao mkuu, yaani Ethereum yenyewe yenye pesa za kweli, haibadilishiki. Si tovuti kwamba ukiona kosa unaingia usiku unarekebisha asubuhi watu hawajui. Kuna namna ya kuuachia mkataba mlango wa marekebisho, lakini mlango huo nao unahitaji mlinzi, na wanachama watauliza nani anakaa na ufunguo wake, na wako sawa kuuliza.

Na kosa likipita, limepita na pesa. Juni 2016 mfuko ulioitwa The DAO ulichotwa ether, yaani sarafu ya Ethereum, kama milioni 3.6 kwa sababu mkataba wake ulikuwa unatoa pesa kwanza ndio unapunguza salio baadaye, mtu akawa anaomba tena kabla salio halijapunguzwa, anaomba tena, anaomba tena. Novemba 2017 waleti (pochi za kidijitali) za Parity zenye ether zaidi ya 513,000 zikafungwa baada ya mtu mmoja kuifuta programu ambayo waleti zote hizo zilikuwa zinaitegemea, na mpaka leo hazijatoka. Hao hawakuwa wanagenzi, ni watu waliokuwa wanaijua Ethereum kwa undani. Ndio maana sisi hatuna aibu kumwambia mteja asubiri.

Tunachofanya ni kuwasha Ethereum ya bandia ndani ya kompyuta moja. Inafanya kazi kama ile yenyewe, ina anwani, ina bloku (mafungu ya miamala), inadai gesi (ada ya kila muamala), inakataa muamala mbovu, ila pesa yake si pesa na hakuna mtu wa nje anayeiona. Zamani wengi walitumia programu ya Ganache, na bado mafunzo mengi mtandaoni yanakuelekeza huko, lakini kampuni ya Consensys inayoimiliki ilitangaza kuifunga pamoja na mwenzake Truffle mwaka 2023 kwa hiyo kama unaanza leo usianzie hapo. Zilizobaki na zinazotunzwa vizuri ni Hardhat, na Anvil ambayo inakuja ndani ya Foundry. Sisi tunatumia Anvil kwa sababu inawaka haraka sana na haichoshi kompyuta ya kawaida.

Kwenye Linux au Mac unafungua teminali unaandika `curl -L https://foundry.paradigm.xyz | bash`, ikimaliza unaandika `foundryup`, kisha `anvil`, basi. Wa Windows tumieni WSL, yaani Linux ndani ya Windows, mtajiokolea muda. Ikiwaka itakutolea akaunti 10, kila moja ina ether 10,000 za kuchezea, na chini yake funguo za siri za kila akaunti, halafu itakaa inasikiliza kwenye 127.0.0.1:8545. Namba ya cheni ni 31337. Kwenye MetaMask, waleti inayokaa kwenye brauza, unaongeza mtandao mpya na hiyo anwani na hiyo namba, unaingiza ufunguo mmoja, unaona ether 10,000 zako. Kama unapenda JavaScript basi kwenye mradi wako wa Hardhat `npx hardhat node` inakupa kitu kilekile isipokuwa akaunti ni 20.

Hapo tusimame kidogo, kwa sababu hili tunalisisitiza kwa kila mtu anayeingia ofisini. Hizo funguo za siri ni zilezile kwa dunia nzima! Anvil yako na ya mtu wa Brazil zinatoa akaunti zilezile kwa sababu zinatoka kwenye maneno yaleyale 12, neno test mara 11 na junk mwishoni. Ukituma pesa ya kweli kwenye anwani hizo kwenye mtandao mkuu, mtu yeyote anao ufunguo, na kuna programu zinazokaa zikivizia anwani za namna hii usiku na mchana. Kwa hiyo tenga brauza kabisa, au angalau profaili nyingine, ya majaribio iwe na MetaMask yake, na waleti yenye pesa zako isikanyage huko.

Sasa faida kubwa ya kuwa na Ethereum yako mwenyewe ni kwamba saa iko mikononi mwako. Mkataba wa chama unafunga pesa mwaka mzima, nani atakaa mwaka kusubiri aone kama kweli inafunguka? Unaandika `cast rpc evm_increaseTime 31536000`, hizo ni sekunde za siku 365, halafu `cast rpc evm_mine` bloku mpya itengenezwe, na mwaka umepita. Unajaribu kutoa siku ya 364, ikikubali una tatizo. Unajaribu sekunde moja kabla ya muda, unajaribu sekunde ileile. Unaweza pia kupiga picha ya hali nzima kwa `evm_snapshot`, ukavuruga kila kitu, ukarudi pale pale kwa `evm_revert`, ila kumbuka picha moja inarudiwa mara moja tu, ukitaka kurudi tena piga nyingine.

Jaribio la namna hii ndilo tunalotaka mteja awepo. Tulikaa na mama mmoja mweka hazina wa chama, tukazipa akaunti majina ya wanachama wake, wakachanga, tukasukuma mwaka, wanachama wakatoa hisa zao mmoja mmoja na salio likawa linashuka vizuri mpaka ikabaki hisa moja ambayo hatukuigusa. Mama akaangalia ile namba akauliza, "Sasa huyu akiwa ametangulia mbele ya haki, watoto wake wanapitia wapi?" Kimya. Kanuni tulizopewa hazikusema, kwa hiyo mkataba nao haukuwa na njia, hiyo pesa ingekaa pale milele na ufunguo ungekuwa kwenye simu ya marehemu. Programu ilikuwa sahihi kwa kila mstari na bado mkataba haukuwa tayari. Wakarudi kwenye kikao, wakakubaliana kila mwanachama aandikishe anwani ya mrithi, na wanachama wawili wathibitishe kabla haijatoka. Tukaandika upya. Hili lingetokea hewani, familia moja ingelia na sisi tusingekuwa na la kufanya, na ni jambo linalotuuma hata kulifikiria tu.

Kitu kingine ni hesabu za tokeni, yaani sarafu kama USDC zinazokaa juu ya Ethereum. Ether ina desimali 18 (tarakimu baada ya nukta), USDC ina 6. Divelopa aliyezoea ether akiandika mchango wa dola 50 kwa desimali 18, mkataba utamdai mwanachama USDC trilioni 50 na utakataa mchango wake kila siku, na akikosea upande wa pili utapokea vumbi na kuhesabu kwamba amelipa. Ukijaribu na tokeni uliyojitengenezea mwenyewe hutaliona hili, kwa sababu tokeni yako inakutii. Hapo ndipo tunapowasha Anvil kwa kuiga mtandao mkuu, `anvil --fork-url` ikifuatwa na anwani ya nodi, yaani kompyuta iliyo kwenye mtandao wa Ethereum, halafu `--fork-block-number` ili igande kwenye bloku moja na majaribio ya leo yalingane na ya kesho. Ikiwaka hivyo unakutana na USDC yenyewe kama ilivyo, na USDT pia, dola nyingine ya kidijitali, ambayo ina tabia zake, ukihamisha hairudishi jibu la ndiyo au hapana kama tokeni nyingi zinavyofanya, na mikataba mingi iliyoandikwa kwa kutegemea jibu hilo inakwama hapo. Kuna na amri ya `anvil_impersonateAccount`, unavaa anwani yoyote yenye USDC nyingi na kujigawia za majaribio bila kuwa na ufunguo wake. Ni ndani ya kompyuta yako tu, mwenyewe hapungukiwi na senti. Kwa kazi hii unahitaji intaneti, ila ile Anvil ya kawaida ukishakuwa na kila kitu inafanya kazi hata mtandao ukikatika, na kwa hali ya bando na umeme wetu hilo si jambo dogo.

Tatizo la kasi nalo lisikupite. Anvil ikiachwa hivihivi inapitisha muamala papo hapo, unabonyeza changia na imeshaingia. Ethereum yenyewe inatoa bloku kila sekunde 12. Kwa hiyo skrini nzuri iliyojaribiwa kwa Anvil ya haraka, ikienda hewani mwanachama anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, na amechanga mara mbili. Washa kwa `anvil --block-time 12`, kaa mbele ya simu, uone hizo sekunde zinavyokuwa ndefu, utaweka tu ujumbe wa subiri na kuifunga ile batani.

Yanayosumbua vijana wetu wa mazoezi kila mara ni mawili. Umezima Anvil umewasha upya, MetaMask inakataa kutuma au muamala unaning'inia, hiyo ni kwa sababu cheni imeanza sifuri lakini MetaMask bado inakumbuka hesabu ya miamala ya jana, ingia kwenye mipangilio ya juu ufute data ya shughuli, au tumia `anvil --state hali.json` ili ukizima ihifadhi na ukiwasha iendelee ilipoishia. La pili, programu ya simu haioni cheni. 127.0.0.1 ndani ya simu ni simu yenyewe wala si laptopu, kwa hiyo kwenye emuleta ya Android (simu ya kuigiza ndani ya laptopu) tumia 10.0.2.2, na kwa simu halisi washa Anvil na `--host 0.0.0.0` halafu tumia anwani ya laptopu kwenye waifai ileile, ila usifanye hivyo kwenye waifai ya mkahawa.

Ethereum ya bandia haikuonyeshi kila kitu. Bei ya gesi mtandao ukijaa, watu wageni wanaochungulia miamala yako kabla haijaingia, nodi ya mtoa huduma ikianguka, hayo hayapo humo. Ndiyo maana baada ya hapo tunapanda Sepolia, testineti yaani mtandao wa majaribio wa umma, na hapo ndipo mteja anapata ile linki aliyokuwa anaisubiri. Testineti za zamani za Ropsten, Rinkeby na Goerli zilishafungwa, ukiambiwa na fundi kwamba kazi yako iko Goerli muulize vizuri. Mtandao mkuu unafuata baada ya mkataba kukaguliwa na mtu ambaye hakuuandika.

Ukija kwetu njoo na kanuni za chama zilizoandikwa, zikiwemo za anayekufa, anayehama na anayepoteza simu, hata kama bado mnabishania. Na siku ya majaribio mlete yule mwanachama anayepinga kila kitu kwenye vikao, yeye ndiye tunayemkalisha kwenye kompyuta kwanza.